Viatu vya Kahawia Chini ya Pazia

Mlango wa kizazi nilikuwa nao miaka hamsini na tano bila kujua kuwa ninao. Nimezaa watoto watano, wote wamepita hapohapo, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Kwa hiyo wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali na karatasi mkononi, unaogopa hata kuuliza choo kiko wapi, usijione mjinga. Mjinga mkubwa ameshapatikana, ndiye huyu anayeandika, na yuko hai.

Naandika kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililimaliza kwa sababu mwalimu alitaka mtu wa kumchotea maji. Lakini wajukuu wangu saba wote wanasoma. Lusajo ni wa pili darasani kwake. Wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo wa kwanza ni Lusajo. Hilo nimeliweka mwanzoni lisije likasahaulika.

Mimi ni Mhehe wa Kilolo, naishi Ipogolo, hapa bondeni ambapo magari yanapumzika kabla ya kupanda mlima kwenda Iringa mjini. Nauza ulanzi. Kama kwenu hamna, ulanzi ni pombe inayodondoka yenyewe kutoka kwenye mwanzi mchanga uliokatwa kichwa, mvua zikianza. Asubuhi ni mtamu kama soda. Jioni unaanza kumkunja mtu uso, na kesho yake unamkunja mwili mzima. Nina ndoo zenye mifuniko ya rangi: ya bluu ni wa leo, nyekundu ni wa jana. Ulanzi hausubiri mtu. Ndiyo maana miaka yote gari la matangazo lilipopita likisema akina mama njooni mpimwe saratani, nililipungia mkono likaenda zake. Foleni ya zahanati inakula siku nzima, na siku ya ulanzi ikiliwa hairudi.

Aliyenisukuma ni binti yangu Anitha. Alisema nisipokwenda kupima hataniletea wajukuu Pasaka. Huo ni ujambazi, lakini nilikwenda.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu mume wa Anitha, maana bila yeye hakuna habari. Anaitwa Gwakisa, ni Mnyakyusa, mama yake anakaa Mbalizi kule Mbeya. Ni tabibu katika zahanati moja huko juu Kilolo. Kijana mzuri, hanywi, hapigi, anafua hata nguo za watoto. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Akija nyumbani, mimi naingia jiko la nje. Yeye anausalimia ukuta kutokea uani, nami naujibu ukuta kutokea ndani. Wenzangu wengi wameacha, wanakula na wakwe zao sahani moja na kugombania mapaja ya kuku. Mimi sikuacha. Kwa miaka kumi na moja Gwakisa nilimjua kwa viatu, maana akipita nainamisha macho: viatu vya kahawia, vya ngozi, cha kushoto kimeshonwa pembeni kwa uzi mweusi. Naye alinijua kwa ndala.

Siku ya kipimo ilikuwa Januari, ulanzi umeanza kukolea. Nilikwenda na jirani yangu Mama Zawadi. Huyu ni mwanamke mkubwa, ameokoka, anauza vitumbua, na sauti yake ukiisikia kwa mara ya kwanza unadhani kuna ajali barabarani. Tulipewa kadi zenye majina, tukakaa kwenye benchi. Wanawake tulikuwa wengi, wengine na watoto mgongoni, wengine na mizigo ya sokoni miguuni. Kulikuwa na vyumba viwili vimetengwa kwa mapazia. Kimoja cha nesi. Cha pili, walisema, kuna mganga wa kiume aliyeletwa kusaidia kwa sababu watu ni wengi.

Karani akasoma kadi yangu: Paskalina, chumba cha pili. Nikasimama, nikajitengeneza kitenge, nikasogea. Pazia lilikuwa fupi kidogo, halikufika chini. Nikatazama chini kama ilivyo kawaida yangu.

Viatu vya kahawia. Cha kushoto kimeshonwa kwa uzi mweusi.

Nilirudi kwenye benchi haraka kuliko nilivyoondoka. Mama Zawadi akauliza nimeona nini, nyoka? Nikamwambia ni afadhali ingekuwa nyoka, nyoka si mkwe wangu. Akashika tumbo akacheka mpaka mtoto wa mama aliyekaa pembeni akaanza kulia.

Mtaniuliza, si ungemwambia karani akubadilishie chumba? Karani alikuwa binti wa mjini, kucha ndefu, na foleni nzima inasikia. Ningesema nini? Kwamba huyo aliye ndani amemwoa mwanangu? Hata kulisema ni aibu ileile. Na nikirudi nyumbani bila kupima, Pasaka bila wajukuu. Mama Zawadi, ambaye aliitiwa chumba cha nesi, ndiye aliyetoa akili. Akasema tubadilishane kadi. Mimi niingie kwa nesi niitwe Mama Zawadi, yeye aingie kwa Gwakisa aitwe Paskalina. Yeye Gwakisa si mkwe wake, amwangalie atakavyo.

Nikasema ataona uso si wangu. Akasema, "Uso wako aliuona lini? Tena kwa heshima aliyonayo hatainua macho. Ataangalia kazi yake na ndala zako. Lete ndala."

Basi tukabadilishana na ndala. Zangu zilimbana, kisigino nje, akatembea kama bata aliyenyeshewa. Mimi zake niliogelea ndani.

Kwa nesi hakukuwa na jambo. Ulinitisha ubaridi wa lile chuma lenye mdomo wa bata, lakini dakika mbili, kijiti chenye pamba kikaingia, kikatoka, kikatiwa kwenye kichupa, kichupa kikabandikwa namba ya kadi. Nesi akasema majibu yatakuja kwa simu baada ya wiki kadhaa. Nikasema asante, mwanangu, nikatoka nikijisifu. Mama Zawadi naye akatoka chumba cha pili amejifunika mdomo na kanga. Alisimulia kwamba yule kijana alipoisoma kadi aliirudia kuisoma tena na tena. Alimwamkia shikamoo mara tatu. Kazi yote aliifanya kichwa kimeinama, na alipomaliza aliomba samahani. Mama Zawadi hakujibu neno, aliguna tu, kwa sababu sauti yake ingemuumbua.

Tukapeana kadi zetu, kila mmoja yenye jina lake. Tukavaa ndala zetu. Tukaenda nyumbani tukicheka njia nzima.

Mmeuona ujinga ulipo? Sisi hatukuuona. Tulirudishiana kadi na ndala, tukadhani tumerudishiana kila kitu.

Mwishoni mwa Februari mimi nikapata ujumbe kwenye simu: hakuna tatizo, urudi baada ya miaka kadhaa. Nikamsomea kila mteja wa ulanzi aliyefika siku ile, hata dereva wa lori asiyenijua. Mama Zawadi akapigiwa simu: uende hospitali ya mkoa, kuna kitu wanataka kukiangalia. Alilia. Nililia naye. Kanisani kwao walifunga siku tatu. Akaenda, wakamwangalia, wakampaka ile siki yao ya kuonyeshea ugonjwa, wakakuta hapana kitu. Wakamwambia arudi baada ya mwaka. Yeye alisikia kitu kimoja tu, kwamba ameponywa.

Jumapili yake alisimama kutoa ushuhuda. Mimi ni Mkatoliki lakini nilikwenda kwa sababu ya ujirani, nikakaa mbele. Alieleza alivyosikia moto unapita kiunoni siku ya pili ya kufunga. Watu walipiga makofi, wengine walianguka. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, na siku iliyofuata nilimpelekea kuku wa shukrani. Tetea, tena wa mayai.

Nikiwa nimekaa pale mbele, ndipo nilipojisikia nimelowa. Damu.

Hedhi ilikuwa imeniaga miaka minne nyuma. Mnajua niliwaza nini? Niliwaza ujana umerudi. Nilijitazama kwenye kioo wiki nzima kutafuta dalili nyingine. Kiuno kikaanza kuuma, nikasema ndiyo ujana wenyewe, na zamani kiliuma. Damu ikawa inakuja na kuondoka kama umeme. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na ujumbe wa simu unaosema hakuna tatizo, na mimi nani wa kubishana na simu?

Aprili, karibu na Pasaka, siku moja nilikuwa na haraka ya basi, nikafunika ndoo bila kutazama. Akaja mzee mmoja, katekista wetu, anayekunywa ule mtamu tu kwa sababu ya heshima ya kazi yake. Nikampimia kutoka ndoo yenye mfuniko wa bluu. Akanywa kikombe, akaongeza cha pili, cha tatu akaanza kuniimbia. Nikafunua ndoo nikanusa. Ulikuwa wa jana. Nilikuwa nimebadilisha mifuniko.

Nilisimama pale barabarani na mfuniko wa bluu mkononi, katekista anaimba, na kitu kikanishuka kutoka kichwani mpaka kwenye ndala. Mfuniko haubadilishi pombe. Kadi yangu ilirudi kwangu, lakini kichupa kilikwenda na jina la Mama Zawadi. Ile simu ya hospitali haikuwa yake.

Nilimwacha katekista na ndoo zote nikaenda kwa Mama Zawadi. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. Nilimweleza mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili mwiko ulisimama.

"Kwa hiyo mimi sikuponywa?" akasema.

"Hukuwa mgonjwa."

"Na ule moto wa kiunoni?"

"Mama Zawadi, ulifunga siku tatu. Hata mimi ningesikia moto."

Akakaa chini kwenye kigoda. Akaniuliza kama nataka asimame tena mbele ya watu aseme hakuna muujiza, alikuwa mzima tangu mwanzo. Nikamwambia aseme hivyohivyo, kuwa mzima nalo ni jambo la kushukuru.

"Halina makofi," akasema.

Halafu akanitazama vizuri, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka kwamba kama yeye si mgonjwa, mgonjwa yuko mbele yake. Akaanza kulia kwa ile sauti yake, majirani wakatoka. Nikamwambia anyamaze, wataongeza ushuhuda mwingine. Akauliza nitamwambia nani. Nikasema kwa utaratibu wa hospitali lazima nieleze nani aliingia chumba gani, na Anitha na mumewe wanakuja Jumamosi kwa ajili ya Pasaka. Akafuta pua na kanga, akasema, "Basi umekwisha."

Jumamosi hiyo viatu vya kahawia viliingia uani. Mimi nilikuwa tayari jikoni. Gwakisa alikaa kwenye kigoda upande wa nje, mgongo wake kwenye ukuta, na mimi upande wa ndani, mgongo wangu kwenye ukuta uleule. Anitha alikuwa anaosha vyombo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, yote yakakimbia.

"Baba Lusajo," nikauambia ukuta. "Ile siku ya kipimo. Uliyempima si mimi."

Nilisikia kuku wanaparua.

"Niliona ndala za mama," akasema polepole.

"Ndala zilikuwa zangu. Miguu ilikuwa ya Mama Zawadi."

"Na kadi?"

"Kadi yangu, ndala zangu. Vingine vyote vya Mama Zawadi."

Akashusha pumzi ambayo nadhani ilisikika mpaka stendi. Akasema tangu siku ile hajaweza kumeza ugali wa nyumba hii. Kila akija anauona uso wa mababu wa Kihehe kwenye sahani. Ikabidi amwambie mkewe kwamba ana vidonda vya tumbo.

Sufuria ikaanguka. "Na mimi nimekukorogea uji miezi mitatu?" Anitha akasema.

Mimi nilikaribia kucheka. Lakini Gwakisa alikuwa ameshaacha kuwa mkwe, amekuwa tabibu. Nilisikia kigoda kinasogea.

"Kwa hiyo majibu ya Mama Zawadi ni ya mama."

"Ndiyo."

"Na mama mwenyewe unaona dalili yoyote?"

Hapo ndipo nilipojua kuwa kuna maneno ambayo mtu hawezi kumwambia mkwe hata ukuta ungekuwa wa zege. Nikasema kwa lugha ya biashara yangu. Nikasema, "Ndoo inavuja. Tangu Machi."

Hakuuliza tena. Alisimama, akamwambia Anitha Pasaka ya mwaka huu italiwa baadaye. Jumanne, sikukuu zilipokwisha, nilikuwa kwenye benchi la hospitali ya mkoa, Mama Zawadi kushoto, Anitha kulia. Mama Zawadi mwenyewe ndiye aliyemweleza daktari habari ya kadi, kwa sauti yake, na ukumbi mzima wa wagonjwa ukapata kujua. Nikafikiri aibu itaniua kabla ya saratani. Lakini mama mmoja nyuma yetu akacheka, akasema yeye mwaka jana alikimbia kabisa kwa sababu aliyekuwa ndani ni shemeji yake. Mwingine akasema yeye alimkuta aliyemfundisha komunyo. Kumbe tulikuwa wengi.

Wakakata kinyama kidogo, wakasema subiri. Wiki tatu. Kusubiri kuna kazi kuliko kulima. Mwanangu mkubwa alishuka kutoka Kilolo na mizizi ya mzee fulani, akasema nimechezewa na mtu wa barabarani. Nikamwambia aliyenichezea namjua, ni mimi. Alinuna siku mbili, mizizi akaiacha mlangoni, mbuzi wakala. Mbuzi wako salama.

Jibu likaja: ndiyo ni saratani, lakini bado changa, iko mlangoni haijaingia sebuleni. Ndivyo daktari alivyonieleza, na nilimpenda kwa hilo. Nikapewa karatasi ya rufaa kwenda Mbeya kukatwa.

Mwisho wa Mei tukapanda basi. Ulanzi ulikuwa unaishia ishia, ndoo za mwisho nilimwachia Mama Zawadi. Yeye kwa wokovu wake aliuza ule wa mfuniko wa bluu tu, jioni anaumwaga uliobaki kwenye migomba. Wateja wangu wa mfuniko mwekundu walihama. Migomba iliyumba.

Mbeya mwezi wa Juni haina mchezo. Unaamka meno yanagongana. Nilifikia Mbalizi kwa mama yake Gwakisa. Sisi wawili ni bibi wa wajukuu walewale, na kila mmoja anaamini mwenzake ni bibi wa ziada. Alinipokea kwa ndizi za nyama na maneno. Akanionyesha picha ya Lusajo ukutani, akasema pua ni ya kwao. Nikasema akili ni ya kwetu. Akasema tangu nifike mbwa wake amejificha, amesikia harufu ya Mhehe. Huo utani kwamba Wahehe tunakula mbwa tumeuzoea, lakini kwa ajili yake nilimwita yule mbwa kila asubuhi, njoo chakula changu, naye akaja akazoea kulala miguuni pangu. Mama Gwakisa alikasirika kweli.

Kila siku ya hospitali alinisindikiza. Mabenchi ya pale nimeyakalia mpaka nikayajua kwa misumari. Unafika jua halijatoka, majina yanaitwa, unasogea, unasogea, na unapokaribia mlango daktari anakwenda kwenye dharura. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Masanja, mfugaji kutoka bonde la Usangu, Msukuma mrefu mwenye bangili za shaba. Alikuja na kibuyu cha maziwa mgando, akanipa nikanywa bila kuniuliza jina. Damu yake ilikuwa imetoka miaka miwili. Kwao hakuna gari la matangazo, na zahanati ni mwendo wa siku nzima, na ng'ombe hawana mtu wa kubaki nao. Aliuliza ugonjwa wangu umeanza lini. Nikamwambia habari ya kadi na ndala, akacheka mpaka bangili zikalia. Halafu akasema, "Wewe ulikosea chumba. Mimi sikukosea kitu, nilikuwa mbali tu." Wakampa karatasi ya kwenda Dar kuchomwa mionzi. Alinipa namba ya simu. Nimeipiga mara nyingi. Haipatikani.

Kwa ajili yake ndiyo nimeyaandika haya, ingawa mengine ni ya kuchekesha.

Nilikatwa Jumatano. Nilipoamka nilikuwa na mpira wa mkojo ubavuni na mshono tumboni kama gunia la mkaa lililofungwa na mtu mwenye haraka. Mfuko wa uzazi ukaondoka, na mlango wake, na fremu. Nilijisikia mwepesi na nikasikitika, sijui kwa nini, maana kazi ulikuwa umeshamaliza. Watoto watano. Nilitamani wangenionyesha nikauage.

Mambo ambayo hakuna aliyeniambia nawaambia. Hutaweza kukohoa bila kushika mto. Choo cha kwanza ni vita, kunywa uji mwepesi na usione haya. Utatembea umeinama kama unatafuta sindano, wiki mbili tatu. Ndoo hutainua kwa miezi, na wanaokupenda watakufokea ukishika hata birika. Na kucheka ni hatari. Mama Gwakisa alilijua hilo. Aliniogesha kwa maji ya moto kila asubuhi, kwa upole ambao sikuutegemea, mikono yake ikipita pembeni mwa mshono kama anapapasa mtoto mchanga, na wakati huohuo mdomo wake ukinichokoza makusudi. Siku moja alisema mbwa wake amenona, nimkumbushe siku ya kuondoka amfunge. Nilicheka nikalia hapohapo. Nikamwambia anataka kuniua abaki bibi peke yake. Akasema ndiyo, alikuwa anasubiri nilijue.

Nikamuuliza yeye amewahi kupimwa. Akakamua kitambaa. Akasema yeye mama wa tabibu, kila mhudumu Mbeya anamjua mwanawe, ataanzaje kupanda kitanda kile. Nikamwambia nisikilize, mkwe mwenzangu, mimi nina ndala za ziada lakini safari hii hakuna kubadilishana. Tulikwenda wote siku niliyotolewa nyuzi. Nilikaa nje ya pazia nikishika kadi yake na kitambulisho chake, nikahakikisha kichupa kimebandikwa jina lililo sawa na mtu. Nesi akaniuliza mimi nani. Nikasema mimi ni bibi wa Lusajo, na yeye pia, kwa upande wake. Alikuwa hana kitu. Alinipikia kuku.

Nilirudi Ipogolo Agosti, upepo wa vumbi. Mama Zawadi alikuwa ameshasimama kanisani. Aliwaambia watu kwamba hakuponywa, alikuwa mzima, na mwenye ugonjwa alikuwa rafiki yake aliyekaa mbele akipiga makofi. Nasikia hakuna aliyepiga makofi. Lakini wiki ile akina mama wa kanisa lao walijaa zahanati mpaka kadi zikaisha. Kuku wangu hajanirudishia. Anasema ametaga.

Zahanati nao waliniita. Yule nesi alitaka kujua nini kinawakimbiza wanawake. Nikamwambia asiulize watu mbele ya watu. Sasa siku za kipimo nakaa kwenye benchi la mlangoni, nakwenda mapema ndoo nikiwa nimemwachia jirani, na kila mama anayekuja namnong'oneza maswali mawili. Hili jina ni lako? Na humo ndani kuna mtu huwezi kumtazama? Mkwe, shemeji, baba mdogo, aliyewahi kukuposa, sicheki. Naweka alama kwenye kadi, anakwenda chumba kingine. Na asiyeweza kabisa anapewa kijiti ajichukulie mwenyewe nyuma ya pazia, hakuna wa kumtazama. Nilipoambiwa kwamba hilo linawezekana, nilikaa chini. Ndala zote zile kwa ajili ya nini?

Tena kuna sheria mpya, nayo imetokana na mimi: hakuna kupewa jibu mpaka mtoa jibu amekuangalia usoni, akasoma jina na umri, ukakubali kwa mdomo wako.

Januari, mvua zimeanza, mianzi inakatwa, nikaenda Mbeya kuangaliwa tena. Jibu likatumwa hapa Ipogolo. Siku ya kulichukua nilivaa kitenge kipya. Nilikaa foleni kama wengine, nikaitwa, nikasogea kwenye pazia, nikatazama chini kwa mazoea.

Viatu vya kahawia. Uzi mweusi. Nesi ana likizo, wakasema, ameletwa tabibu kutoka Kilolo.

Nyuma yangu foleni yote ilinyoosha shingo, maana hakuna asiyejua. Mama Zawadi akakohoa. Ningeweza kurudi. Lakini miezi sita nimekuwa nikiwaambia wenzangu kadi yako, uso wako. Nikashika pazia nikalivuta.

Alikuwa amesimama, kadi mkononi, macho kwenye ndala zangu.

"Paskalina," akasema, sauti imekauka. Hajawahi kulitamka jina langu maishani. "Miaka hamsini na sita."

"Ni mimi," nikasema. "Hakikisha."

Akainua macho taratibu, kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisimani, akapita kitenge, akapita shingo, akafika. Nami nikamwangalia. Ana uso wa mama yake, yule mchokozi wa Mbalizi, lakini wenye aibu. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Miaka kumi na miwili sasa, na sikujua kwamba mkwe wangu ana kovu.

"Safi," akasema. "Hakuna kitu, mama. Safi kabisa." Kisha akaendelea kuniangalia, nadhani alisahau kuacha. "Kumbe mama una mwanya."

Nikacheka, na mshono haukuuma. Nikamwambia anipe kadi yangu, kuna watu wanasubiri nyuma.